Salamu za Kumi na Moja

Sista Generosa alipoondoka kwenda Mwanza kufuata dawa, alimwachia Eufrasia funguo za kabati, kuku wa misheni, na onyo kwamba simu ya upepo si kitu cha kuchezea. Onyo lenyewe halikuwa na haja. Eufrasia alikuwa na mwaka mmoja tu katika zahanati ile ya jirani na Nyarugusu, muuguzi msaidizi asiyeogopa damu wala wachimbaji walevi, lakini lile sanduku la mezani lilimtisha kweli kweli.

Lilikula umeme wa betri ya lori. Kila siku saa moja asubuhi vituo ishirini vya misheni viliitana humo kwa namba, na chao kilikuwa Kumi na Moja. Eufrasia alizoea kusimama nyuma ya bega la Sista akisikiliza. Mtu yuko Kigoma, mwingine yuko huko Singida, hawajaonana tangu wazaliwe, na wote wanaingia katika kachumba kamoja kenye harufu ya dettol wakiulizana habari za pampu zilizokufa na wagonjwa wa mifupa. Alikuwa akitoka pale vinyweleo vimemsimama, na haoni haya kusema hivyo hadi leo.

Siku ya tatu tangu Sista aondoke, jua halijapanda vizuri, Mageni akaja mbio na mwanawe Esta mgongoni. Esta alikuwa na miaka minne. Mate yalimtoka mfululizo, jasho lilimlowesha, mikono ikimtetemeka, na kifua kilikoroma. Mama mtu alisema ni degedege, limemshika tangu usiku. Eufrasia naye akaona ni malaria imepanda kichwani, akavuta kwinini kwenye sindano. Alipomshika mtoto ili amchome, akasita. Mwili ulikuwa wa baridi.

Degedege la malaria bila homa? Hakuwahi kuliona, na wa kumuuliza alikuwa Mwanza. Saa ya ukutani ilionyesha saa moja kasoro dakika mbili. Akaiweka sindano kwenye sahani, akamwambia Mageni ambebe mtoto amfuate ofisini, akawasha sanduku. Akashika kipaza sauti, akabonyeza kitufe chake.

Sasa, mtoto wa Kisukuma aliyelelewa akaleleka haombi kitu kabla ya kusalimu. Ni sawa na kuingia nyumbani kwa watu bila hodi. Na pale walikuwa watu wa nyumba kumi na tisa, wakubwa watupu. Basi Eufrasia akawapa shikamoo wote, akauliza habari za kuamka, za kazi, za watoto, za mvua, na akaanza kuomba radhi kwa kuwa Sista hayupo. Mtoto anakoroma pembeni, yeye anauliza habari za mvua. Tusimcheke sana, ndivyo alivyofundishwa adabu.

"Kituo kinachosalimia, nakusikia." Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka. "Hapa ni Nne, Ushetu. Salamu zako tutazipokea kesho. Leo taja namba yako, useme shida. Ova."

Eufrasia akasema ni Kumi na Moja, ana mtoto anaumwa, anaomba msaada. Nne akamuuliza anaumwaje, umri gani, tangu lini, kuna dawa gani kabatini. Kisha akauliza anayesema ni nani. Hapo Eufrasia alitamani aseme yeye ni muuguzi mkuu. Vituo kumi na tisa vilikuwa vikisikiliza, na aibu ya hadharani ni nzito kuibeba.

"Mimi ni muuguzi msaidizi," akasema. "Nina mwaka mmoja kazini. Sijui nifanye nini."

"Vizuri," Nne akajibu. "Sasa tunaweza kusaidiana. Mtazame macho. Ile mboni nyeusi ikoje?"

Ilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Nne akauliza kama nyumbani kwao kuna dawa ya pamba, ile ya kupulizia wadudu. Kwao Ushetu, alisema, watu wa tumbaku walikuwa wakiletwa na hali kama hiyo. Eufrasia akageuka kumwuliza mama. Mageni akasema hapana, haipo. Alisema haraka mno.

Eufrasia akainama juu ya mtoto. Nywele zilinuka. Ilikuwa harufu kali, ya mashambani, ambayo kila mtu wa huko anaijua mwezi wa kupulizia ukifika.

"Ni chawa," Mageni akanong'ona, akamshika mkono wenye kitufe. "Nilimpaka jana jioni. Wanawake wote kwetu tunapaka. Usiwaambie. Watasema nimemuua mwanangu."

Eufrasia alimwonea huruma. Mtu yeyote angemwonea. Lakini Nne alikuwa akingoja, na jibu lolote ambalo angetoa lingefuata kile atakachoambiwa. Akabonyeza.

"Nne, mimi nilikuwa nimeshavuta kwinini, nilitaka kumchoma," alianza na la kwake, ili mama wa watu asisimame peke yake. "Nilikosea. Na mtoto alipakwa dawa ya pamba kichwani jana jioni. Ya chawa. Ova."

Upepo ukavuma ndani ya sanduku.

"Mwambie mama asante kwa kusema," Nne akasema. "Hiyo kwinini iweke mbali. Vaa glavu, mvue nguo, mnyoe nywele zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Atropini ya kuvunja sumu hiyo unayo?"

Alikuwa nayo, chupa nane. Nne akamwelekeza kipimo, akamwambia arudie kila baada ya dakika kumi mpaka kifua kitulie na kinywa kikauke, na kila akirudia aje amweleze. Eufrasia akawa mtu wa kwenda na kurudi, mikono inanuka sabuni. Mageni aliosha kile kichwa kidogo huku machozi yakidondokea kwenye beseni. Muda wa vituo vyote kuzungumza ulipita, na hakuna hata kimoja kilichoingilia. Kwenye chupa ya sita kifua kikaacha kukoroma. Alasiri, Esta akafumbua macho, akaomba uji.

Kwenye ukuta wa ofisi palikuwa na karatasi ya Sista yenye masharti ya simu, na la mwisho lilisema: ukisaidiwa, kesho yake rudi useme ilivyokuwa. Eufrasia alikuwa akilipita tu. Asubuhi iliyofuata saa moja alikuwa mezani kabla ya wenzake, Mageni nyuma yake, Esta mgongoni na kipara chake.

"Hapa Kumi na Moja," akasema. "Mtoto amepona. Amekunywa uji mara mbili. Ova."

Vituo vikaanza kuitikia kimoja kimoja, Saba, Kumi na Tano, Mbili, kila kimoja kikisema kimesikia na kumshukuru Mungu. Eufrasia alihesabu kumi na tisa. Watu ambao jana hawakutoa sauti walikuwa wamekaa pale muda wote, na shida zao mkononi. Mwili ulimsisimka tangu kisogoni.

"Hapa Tisa," ikasema sauti ya mwanamke. "Jana tuliposikia, tulinusa vichwa vya watoto wote waliokuja kliniki. Tumeosha wawili. Mmoja alishaanza kutoka mate. Mwambieni yule mama."

Mageni alikuwa amesikia. Aliziba mdomo kwa kanga.

"Kumi na Moja," Nne akaita, "jana nilikukatiza. Kama mama yupo, tupeni zile salamu. Leo tuna nafasi."

Mageni hakusogelea kipaza sauti. Alipiga magoti sakafuni, mtoto mgongoni, akainamisha kichwa mbele ya sanduku kama wanavyofanya wanawake wa kwao mbele ya wakubwa, na Eufrasia akashuka chini pamoja naye, akamshikia kipaza sauti mdomoni.

"Shikamooni," Mageni akasema.

Wakaitikia marahaba, kituo baada ya kituo, kuanzia Moja. Naye aliwangoja wote kumi na tisa, angali amepiga magoti, ndipo akauliza habari za mvua.