Swichi ya Chini ya Ngazi

Mama mkwe wangu, Eluned, hakuwahi kudaiwa umeme hata siku moja, na alipanga kwenda kaburini hivyo hivyo. Tangu aolewe na Gwilym amekaa nyumba ile ile ya mawe kule juu mtaani, hapa bonde la Rhondda, na mita yao ilikuwa ya kulipia kwanza. Kila Ijumaa alishuka na ufunguo wake wa bluu wa kununulia umeme mpaka dukani kwa Pritpal, akauchomeka kwenye kimashine, akalipa paundi zake, kisha akaupandisha mlima kwenda kuilisha mita.

Chai kwake ilipimwa kwa kikombe. Kama mko wawili, kwenye birika yanaingia maji ya vikombe viwili, basi. Ukiacha taa ya ukumbini inawaka anakuuliza kama unamngoja malaika. Na kila Jumapili, yeye na Gwilym walipokwenda kanisani, alifungua kistoo cha chini ya ngazi akashusha swichi kuu. Nyumba nzima kimya.

"Hamna mtu ndani," alikuwa akisema. "Umeme uliwe na nani?"

Gwilym alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha mikate, na vumbi la unga lilimkaa kifuani. Mwaka huu kifua kilimshinda akalazwa. Alipopata nafuu, Jincy, nesi wa mapafu, alituita pembeni mimi na mama mkwe. Mzee anaweza kurudi nyumbani, alisema, ila na mashine ya oksijeni, na mashine hiyo inataka umeme usiku na mchana. Hawezi kumpeleka kwenye nyumba ambayo umeme unakatika salio la ufunguo likiisha. Mita ibadilishwe, benki iwe inakata malipo kila mwezi. Vinginevyo atamtafutia nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Tulirudi mpaka jikoni kwake, Eluned akachukua kisu.

"Sitaki," alisema, akaanza kumenya viazi.

"Hutaki nini?"

"Kutumia kwanza halafu waje kunidai."

"Hawaji, mama. Benki inakata yenyewe."

"Ndiyo mbaya zaidi! Mtu aingize mkono kwenye pochi yangu mimi nimelala?"

"Kila mtu siku hizi analipa hivyo."

"Kila mtu siku hizi ana madeni, Carys. Wewe una deni la gari, deni la sofa, na deni la ile mashine ya kukimbilia unayoanikia nguo."

Sina subira na mambo haya. Mume wangu yuko safarini na lori wiki nzima, nina watoto watatu, na nilikuwa nimeomba ruhusa kazini mara ya pili. "Haya," nikamwambia. "Mzee aende huko kwa wazee wenzake. Wewe ubaki na mita yako, mkumbatiane."

Aliweka kisu chini. Aliutazama mlango wa sebuleni, pale kiti cha Gwilym kilipokuwa kitupu na gazeti la zamani bado liko kwenye mkono wa kiti.

"Nipe hiyo simu," akasema.

Nilitaka kumpigia mimi. Akakataa. Kijana wa kampuni ya umeme alipopokea, aliulizwa jina lake, kwao ni wapi, na kama mama yake anajua kazi anayofanya. Kisha Eluned alimsomea namba ya akaunti yake ya benki polepole, tarakimu moja moja, kama mtu anayemkabidhi mgeni mtoto wake amshikie. Alipokata simu alinirudishia. Akafuta mikono kwenye aproni, akarudi kwenye viazi.

Fundi alikuja akang'oa mita ya zamani. Eluned aliomba aachiwe ufunguo wa bluu.

"Hauna kazi tena, bibi," fundi alimwambia.

"Na wewe ipo siku utaambiwa hivyo. Lete."

Basi Gwilym akarudi. Mashine iliwekwa kando ya kiti chake, ikinguruma kama friji, mrija ukipita chini ya pua. Jincy aliacha pia mtungi mdogo wa akiba, akamfundisha mzee kuufungua mwenyewe. Kabla ya kuondoka alituonya: mashine ikipoteza umeme kwa uzembe wa nyumbani, itabidi ampeleke mahali pengine.

Jumapili ya kwanza Eluned hakutaka kwenda kanisani. Gwilym ndiye aliyemfukuza.

"Nenda kaimbe, Elu. Bila wewe ile kwaya ni paka kwenye gunia."

Tulikubaliana nimsindikize mpaka mlango wa kanisa kisha nirudi kukaa na mzee. Nilimngoja getini. Akatoka na koti lake zuri na glavu, akafunga mlango, tukashuka mtaa tukiongea habari za meno ya mwanangu mdogo. Kwenye ngazi za kanisa akasimama ghafla. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia.

"Carys," alisema. "Nimezima."

Sikumwelewa. Yeye alikuwa ameshageuka.

Sijawahi kuona mtu wa umri ule akikimbia hivyo. Mtaa wetu ni mwinuko ambao hata mtu wa posta anaulaani, na yeye aliupanda na viatu vya kanisani, kofia ikaruka, asiigeukie. Mimi, mwenye mashine ya kukimbilia, nilifika nyuma yake nikihema.

King'ora cha mashine, ambacho huchelewa kidogo kuanza umeme ukikatika, kilisikika tangu getini. Eluned aliingia kistooni moja kwa moja akapandisha swichi, ndipo akaenda sebuleni. Gwilym alikuwa amekaa pale pale, barakoa ya mtungi wa akiba usoni, kidole gumba juu. Mashine ilipoanza tena kunguruma aliivuta barakoa pembeni.

"Maisha yangu yote naishi na mwanamke wa kuzima taa," alisema. "Leo kazima mume."

Eluned alimchapa goti kwa glavu. Kisha akalilalia goti hilo hilo akalia.

Nilisubiri amalize. "Hakuna kilichoharibika," nikasema. "Tunyamaze. Jincy akijua atamchukua."

Eluned alifuta uso. "Na nikisahau tena Jumapili ijayo, kimya chako ndicho kitakachompa pumzi?"

Akachukua simu akapiga mwenyewe. "Jincy? Ni mimi, Eluned. Nimemzima mume wangu. Yuko salama. Njoo unitazame kama nafaa kukaa naye."

Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeo. Sijamsikia hata mmoja akisema sentensi kama ile.

Kabla nesi hajafika, Eluned alipanda darini akashuka na kamba ya kengele za Krismasi. Akaifunga kwenye kitasa cha kistoo, na katikati yake akauning'iniza ufunguo wa bluu.

Jincy alifika mchana, akasikiliza yote, hakutabasamu. "Vaa koti," alimwambia. "Vaa glavu. Toka kama unakwenda kanisani."

Eluned alivaa. Akajitazama kwenye kioo, akachukua kitabu cha nyimbo, akatembea ukumbini. Na mkono wake, haki ya Mungu, ukaenda wenyewe kwenye kitasa. Kengele zikalia nyumba nzima.

"Elu!" Gwilym alinguruma kutoka sebuleni. "Bado napumua!"

Mkono ukaruka kama umeguswa na moto. Eluned alibaki amesimama hapo na koti lake, macho kwa nesi, akingoja hukumu.

"Na Jumapili," nikasema, "mimi ndiye nitakayekuwa wa mwisho kutoka, nikishaitazama swichi."

Jincy aliyagusa yale makengele, akayatikisa mara moja tena. "Mzee anabaki," alisema.

Eluned hakushukuru. Alivua glavu, akaingia jikoni, na tukasikia bomba likifunguliwa, maji yakiingia kwenye birika, yakiendelea kuingia, mpaka Gwilym akainua kichwa.

"Birika zima?" aliita. "Kuna msiba?"

"Hakuna," alijibu Eluned. "Kaa kimya unywe chai."