Diski ya Badawi Isiyofutika

Badawi, muuza viungo wa karibu na Marikiti, aliingia dukani kwa Zakiya baada ya adhuhuri, diski ya kompyuta ikiwa ndani ya mfuko wa karatasi unaonukia bizari. Duka lilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya shangazi yake Zakiya, Mji wa Kale. Zakiya alikuwa akipuliza vumbi kwenye kibodi ya mwalimu wa madrasa.

“Masalkheri, ami.”

“Masalkheri, mwanangu. Hii nataka iwe tupu kabla ya alasiri. Ni ya kamera ya mlangoni kwangu. Kuna watu wawili wameniagiza niifute. Nimewaambia waje kuichukua hapa.”

“Hapa? Si ungewaelekeza kwako!”

“Kwangu kuna wajukuu.”

“Na mimi je, ni paka?”

Badawi alimsukumia mfuko. Watu wa aina hiyo walijulikana. Hawakutaja majina yao, na watu waliochukuliwa nao hawakurudi.

Diski ilikuwa kuukuu. Ilipochomekwa iligonga kwa ndani, kama kucha juu ya bati. Zakiya aliifomati kwa njia ya haraka, na kompyuta ikasema kazi imekwisha. Alipoifungua, picha zilikuwa pale pale: gari jeupe lisilo na nambari limesimama mbele ya duka la viungo, na Mumo, hamali wa Marikiti, anasukumwa ndani. Akabadilisha waya. Akabadilisha tundu. Akaanza kuifuta kwa njia ndefu, ile inayopita kila sehemu ya diski, na kazi ikakwama kabla ya mwisho.

“Kuna sehemu imekufa,” alisema. “Haikubali kitu.”

“Jaribu tena.”

Akajaribu. Diski iligonga, ikanyamaza, kisha mtu akasema kutoka ndani yake, “Hodi.”

“Karibu,” akajibu Zakiya, bisibisi ikiwa mdomoni. Mtaani kwao hodi hujibiwa kabla ya mtu kugeuza shingo.

Mumo akatoka, akaketi kwenye kigoda. Gunia lake lilikuwa begani, na mguu mmoja haukuwa na ndara.

“Ungenyamaza tu,” Badawi alilaumu. “Sasa ushamkaribisha.”

Zakiya alimmiminia mgeni chai.

“Gari limeshaondoka?” Mumo aliuliza.

“Bado,” alisema Badawi, akitazama sakafu.

Safari hii kazi ya kufuta haikukwama. Miguu ya Mumo ikaanza kufifia, kisha mikono, na kikombe kikabaki hewani mbele ya kifua chake.

“Dada, humu mna baridi,” alisema. “Ningejifunika, lakini mikono sina.”

“Wacha iishe,” Badawi alinong’ona. “Wakimkuta, watatuchukua sisi.”

Zakiya alijua ni kweli. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa kijani ulikuwa umebakiza nafasi ya upana wa kidole.

“Ni mgeni wangu, ami,” alisema, akachomoa waya. Mikono ya Mumo ikarudi, wa kushoto kwanza.

Alasiri iliadhiniwa. Gari jeupe likajipenyeza kichochoroni, likasimama mlangoni. Watu wawili wakaingia bila kubisha. Mmoja wao, mrefu, alimtazama Mumo, akaitazama diski.

“Haikufutika,” alisema Zakiya.

“Tunaona.”

“Mtanichukua?”

Yule mrefu alirudi mlangoni akatazama barazani, walipokuwa wameketi majirani. Kila mmoja alikuwa amemwona Mumo. Kila mmoja alitoa simu yake, akaanza kuisoma bila kuinua kichwa. Mtu mrefu aliwatazama kwa muda, kisha akageuka ndani, ameridhika.

“Ikae tu,” alimwambia Zakiya. “Hakuna haja ya kufuta.”

Akamgusa Mumo begani. Mumo akaweka kikombe chini, akashukuru kwa chai, akatoka nao.

Tangu hapo Mumo hurudi kila siku baada ya adhuhuri, hata umeme ukikatika, na gari huja alasiri. Zakiya na Winnie, mke wa Mumo, walimpeleka kituo cha polisi. Askari wa zamu alisema mtu aliyeketi mbele yake hawezi kuandikwa kuwa amepotea, warudi akishapotea. Walirudi jioni. Wakaambiwa wangoje hadi kesho, na kesho yake Mumo alikuwa kwenye kigoda. Walipomtaka aeleze alikopelekwa, alisema anakumbuka hadi mlango wa gari unapofungwa, baasi.

Winnie humletea wali na mchicha. Alasiri ikikaribia humfunga kifungo cha juu cha shati, akamshika kola kidogo, kisha akaiachia. Majirani huondoa pikipiki zao mapema ili gari lipate pa kugeuzia. Badawi husimama ukutani na kumwelekeza dereva kwa mkono.

“Rudi, rudi,” humwambia. “Hapo basi.”