Koko Kakenya Yuko Hewani

Mimi redio yangu siizimi kwa ajili ya mtu. Githinji, mwenye trekta, amenikanya mpaka amechoka. Anasema dereva mwenye redio hasikii injini ikilia vibaya. Mimi humjibu kwamba injini yake imekuwa ikilia vibaya tangu kabla hajaniajiri. Nimeifunga juu ya madigadi kwa mpira wa tyubu, na inatumia betri zake yenyewe. Ukikata nyasi kutwa nzima bila sauti ya binadamu, utaanza kupiga soga na usukani.

Siku hiyo nilikuwa Kisaju, kwenye shamba la ekari kumi na tano lililozungushiwa seng'enge yenye stima ya sola. Mvua ilikuwa imekataa. Ndani ya ua nyasi zilinifika kiunoni, zimekauka rangi ya khaki, zikingoja kukatwa na kufungwa marobota. Nje ya ua palikuwa na vumbi na mbuzi waliobaki mifupa.

Mbuzi wenyewe walikuwa wa Koko Kakenya, bibi mmoja, koko kama wasemavyo Wamaasai, mwenye mguu mbovu anayetembea kwa fimbo. Asubuhi alinikuta nikitia grisi mashine ya kukatia. Alikuwa na mjukuu wake Seleyian, msichana wa miaka mitano hivi, ndani ya sweta ya shule ya rangi ile ile ya nyasi.

"Mama, mbuzi zangu zinakufa," akasema. "Wacha zikule hapo kando tu."

"Koko, hii nyasi si yangu. Mimi nimetumwa."

Kabla hajajibu, kambuzi kadogo kakapenya chini ya waya na kuanza kutafuna. Nikapandwa na hasira. Nilikuwa nimetoka nyumbani Noonkopir bila kunywa chai, na hiyo si sababu, nasema tu. Nikakafukuza kwa spana, kisha nikapiga kelele nikimwangalia yule mtoto machoni:

"Nikiona hata mbuzi moja humu ndani, nitaikata pamoja na nyasi! Umesikia?"

Mtoto alijificha nyuma ya shuka la bibi yake. Ulimi hauna mfupa. Nilipanda trekta nikaendelea na kazi.

Sisi hukata kwa kuzunguka. Unaanza kandokando ya ua, unazunguka ukiingia ndani, hadi katikati kinabaki kisiwa cha nyasi. Ni njia ya haraka, lakini ubaya wake kila dereva anaujua: chochote kilichomo humo hukimbilia ndani, mbali na kelele. Sungura, kware, kanga, wote hurudi nyuma na kurudi nyuma, na kisiwa kinapunguka. Kwenye mizunguko ya mwisho ndipo utawaona wakichomoka kwa pamoja. Wengine hawawahi.

Ilipofika saa saba hivi kisiwa kilikuwa kimebaki upana wa mizunguko sita. Nikamwona Koko Kakenya kwenye ua, anapunga shuka lake jekundu na kufungua mdomo. Lango liko upande wa pili, mwendo wa nusu saa kwa mguu ule. Nikajiambia amerudi na maneno yake ya asubuhi. Nikanyoosha mkono nikaipandisha redio hadi mwisho, ili aone kwamba simsikii.

Wakati ule ule mashine ikagonga kitu. Tuk. Kitu kigumu kiasi, halafu kikaachia. Nikasema ni jiwe. Nikapita.

Kwenye redio kilikuwa kipindi cha salamu cha kituo chetu cha huku, na mtangazaji wake, Lemayian, alikuwa akipokea simu.

"Laini ya pili, nani mwenzangu? Eeh, Koko Kakenya wa Kisaju! Mteja wetu wa kila siku! Leo unasalimia nani, koko?"

"Sisalimii mtu. Ambia mama ya trekta asimame."

"Mama ya trekta! Huyo ni rafiki yako, koko?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kabla sijaelewa. Kisha nikamtazama Koko kule kwenye ua. Alikuwa ameacha kupunga. Simu ilikuwa sikioni.

"Lemayian, nyamaza! Mimi nasikia redio yake hapa, lakini yeye hanisikii! Seleyian ako ndani ya nyasi. Aliingia kutoa mbuzi. Ambia huyo mama asimame, ananikatia mtoto!"

Mguu wangu ulikanyaga klachi kabla ya akili kufika. Nikazima mashine, nikazima injini. Visu viliendelea kuzunguka kwa muda, kwa sababu haviwezi kusimama ghafla, nami nilikaa nikivitazama nikiwa nimeshikilia usukani kwa mikono miwili.

Halafu nikakumbuka ile tuk.

Nilishuka. Nikarudi nyuma kwa kufuata mstari wa nyasi zilizokatwa, hatua arobaini, labda hamsini, nikiomba kwa Kibukusu, lugha ambayo huwa siombi kwayo. Nikaona kitu cheusi cheusi kimelala kwenye nyasi. Nikafumba macho. Nikafumbua. Alikuwa kobe, amepasuka gamba katikati. Nilimshukuru Mungu kwa kifo cha kobe, nikalia papo hapo nimesimama.

Lakini kisiwa kilikuwa bado hakijasema kitu.

"Seleyian!" niliita. "Kuja, mtoto! Kuja!"

Nyasi zikatikisika. Zikatikisika zikienda mbali nami, upande wa pili, kisha zikatulia. Nikaita tena, na safari hii hata jani halikusogea. Ndipo nikaelewa. Alikuwa ananificha mbuzi. Kwake mimi ndiye niliyekuwa mashine.

Jua lilikuwa kali, mtoto yumo humo huenda tangu asubuhi, hana maji. Ningeingia kumsaka angechomoka mbio upande wa pili, na upande wa pili kulikuwa na waya wa stima. Nikasimama pale kama mjinga. Nyuma yangu redio ilikuwa bado inasema.

"Mama ya trekta, kama unatusikia, tafadhali..."

Nikainua mikono yote miwili juu, ili Koko anione.

"Amesimama," Koko akasema hewani. Nilisikia pumzi yake. "Lemayian, usikate simu. Niachie redio."

"Ni yako, koko."

Nikaifungua redio kutoka kwenye madigadi, vidole vikiteleza kwenye mpira. Nikaenda nayo hadi ukingoni mwa kisiwa, nikaiinua juu ya kichwa, nikageuza uso wangu pembeni ili mtoto asiuone.

"Seleyian," ikasema sauti ya bibi yake juu ya nyasi zote zile. "Seleyian, wou." Njoo. Kisha akaendelea kwa Kimaasai, polepole, maneno nisiyoyajua, kwa sauti ya mtu anayemvua mtoto viatu. Kaunti nzima ilikuwa ikisikiliza na hakuna aliyepiga simu nyingine. Redio ilianza kuwa nzito. Sikuishusha.

"Wou, Seleyian. Wou."

Nyasi zikafunguka.

Alitoka amekunja mikono tumboni, sweta imevimba, miguu imechanwachanwa na nyasi. Hakukimbilia ua. Alikuja moja kwa moja hadi niliposimama, akavuta sweta juu, na kichwa cha kambuzi kikachungulia, kizima, kikipepesa macho.

"Haijakula," akaniambia. "Nilishika mdomo."

Kisha akainamisha kichwa mbele yangu, kama watoto wa huku wanavyofundishwa kumwamkia mtu mzima, akangoja nimguse utosini.

Redio ilikuwa ikiuliza kama amepatikana. Niliiweka chini, nikajifuta mkono kwenye ovaroli, nikajifuta tena. Ulikuwa bado na grisi. Alikuwa bado ameinama, anangoja.