Ng'ombe wa Kitaalamu

Siku Ndugu Gabriel alipopanda mlimani Machame kutafuta watoto wenye akili nzito, bibi Yuditha alisimama kwenye dirisha la darasa la kwanza pamoja na wazazi wengine, roho juu. Mjukuu wake Aikande alikuwa ndani. Wakubwa wa elimu walikuwa wametangaza kwamba sasa kila mtoto lazima asome, na kwa kuwa kila mtoto lazima asome, ilibidi pia ijulikane ni yupi hawezi. Watakaoonekana hawawezi wangepelekwa tambarare, kwenye shule maalumu ya bweni, na nyumbani wangerudi Krismasi.

Krismasi! Masika ile Yuditha alikuwa amemzika binti yake Esther, na Aikande ndiye pekee aliyeachiwa. Tangu mazishi mtoto huyo alijibu kila kitu kwa kutikisa kichwa. Ukimwuliza kama ameshiba, kichwa. Kama anaumwa, kichwa. Mtu asiyemjua angemdhania mzito kweli.

Ndugu Gabriel alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa nchi za mbuga, ambako mifugo hutoka asubuhi na kurudi jioni na vumbi lake. Aliweka picha mbili mezani. Kwenye moja, ng'ombe alikuwa peke yake mbugani akila majani. Kwenye nyingine, ng'ombe alisimama ndani ya nyumba, karibu na mafiga.

"Haya mwanangu. Picha ipi ina kosa?"

Aikande alizitazama kwa muda mrefu, hadi mama mmoja dirishani akaanza kusali. Kisha mtoto akafungua kinywa.

"Hii," akasema, kidole kikiwa mbugani. "Huyu ng'ombe amepotea. Hana mtu wa kumkatia majani. Bibi angemwona angemfunga kamba, angempeleka kwa balozi wa nyumba kumi mpaka mwenyewe apatikane."

Yuditha nusura apige vigelegele. Hakuwa amesikia maneno mengi hivyo kutoka kwa mtoto huyo tangu msiba.

"Kasema vizuri!" wazazi wakanong'onezana.

Ndugu Gabriel akamtazama mtoto kwa huruma, akaweka alama ya mkasi, kwamba amekosa.

Waliofuata walijibu vilevile. Mmoja aliongeza kwamba ng'ombe wa kwenye mafiga anatunzwa vizuri, ila atandikiwe majani makavu. Aliyepata alikuwa mmoja tu, Yakobo, mtoto wa karani wa misitu aliyehamia kutoka Mabogini, huko tambarare. Yeye alisema ng'ombe hakai jikoni, atakula ugali wa watu.

Yuditha hakungoja kengele. Akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, Aminieli, ambaye alimfahamu tangu anatambaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Aminieli, jana ng'ombe wa mama yako kalala wapi?"

Mwalimu mkuu akautazama mlango. "Ndani, bibi."

"Ndani wapi?"

"Si unajua mwenyewe? Nyuma ya kitanda cha mama."

"Basi mwambie huyo mgeni!"

"Siyo rahisi hivyo. Yule wa mama ni ng'ombe wa kawaida. Hapa tunapima ng'ombe wa kitaalamu. Jibu lake limepigwa chapa Dar es Salaam."

"Kwani Dar es Salaam wana ng'ombe?"

"Wana picha, bibi."

Kabla Yuditha hajajua acheke au alie, Ndugu Gabriel akaingia akijifuta jasho. "Mwalimu, hali ni mbaya kuliko tulivyodhani. Karibu darasa zima! Hivi maji yenu huku yana nini?"

"Baba," Yuditha akamwambia, "njoo kwangu uone kwa macho yako. Siyo mbali."

Mgeni akakubali. Walipita kwenye migomba na mibuni mpaka nyumba ya Yuditha, nyumba ya nyasi ya tangu enzi za mkwewe. Ndugu Gabriel akainama mlangoni, akaingia, macho yakazoea giza. Kulia palikuwa na kitanda, katikati mafiga, na kushoto ng'ombe alikuwa akitafuna majani ambayo Yuditha alikuwa ameyabeba kichwani kutoka bondeni. Ng'ombe akamtazama mgeni kama anayeuliza anatafuta nini.

Yuditha akampa kibuyu cha maziwa. Akanywa yote, akashukuru, akageuka kumtazama ng'ombe tena. Bibi akaona sasa mambo yameeleweka.

"Sasa naelewa," alisema Ndugu Gabriel polepole. "Pole sana, mama. Kumbe tatizo linaanzia nyumbani."

Usiku huo Yuditha alilifua gauni la pekee la Aikande, akalianika juu ya moto, tayari kwa safari.

Lakini lori la kuwachukua watoto halikuja. Shule ya tambarare ilikuwa na vitanda vichache, na wazito wa Machame walikuwa wengi. Wakubwa wakakaa vikao, wakatoka na uamuzi: kwa kuwa watoto hawawezi kupelekwa shule maalumu, shule waliyopo na iwe maalumu. Mwalimu Aminieli akapandishwa cheo, akaletewa chaki. Tena sheria ikasema mtoto wa kawaida haruhusiwi kukaa shule maalumu, hivyo Yakobo akapelekwa kwa shangazi yake Moshi mjini. Mama yake alilia njia nzima hadi kituo cha basi.

"Nilimfundisha mwenyewe kujibu!" alimwambia Yuditha. "Ningejua ningenyamaza!"

Yuditha alimshika mkono, akiionea aibu furaha yake mwenyewe.

Jumatatu Aikande akaondoka na ufagio wake wa shule, akiwapigia kelele wenzake wamngoje. Yuditha akamsindikiza kwa macho mpaka kona. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, penye migomba, pale Esther alipolazwa, akang'oa magugu mawili matatu.

"Mwanao kabaki," akasema. "Wamesema hana akili, mama. Lakini kabaki."