Kahawa ya Watu wa Komeo

Hapa mjini Hajra, mbuzi akitoroka zizini, jirani huuliza kama alilindwa na mtu wa Komeo. Watu wa Komeo ndio sisi. Katika vita vya zamani babu yetu alilivuta komeo la lango la ngome, ile iliyo kilimani juu ya mji, na maadui wakaingia. Mkuu wa ngome akauawa. Tangu hapo tunapigwa vijembe, na mimi vijembe sivimezi. Niliwahi kumng'oa mtu jino sokoni.

Kisha nikampenda Wadha, binti Abu Fawaz.

Nilikwenda na wazee wetu kuposa, tukiongozwa na ami yangu Mutlaq. Mlango wa kuendea jikoni ulikuwa umekomewa ili wasichana wasichungulie. Kahawa ikamiminwa. Ami akakiweka kikombe chini, nasi tukafuata, maana kahawa ya posa hainywewi mpaka ombi likubaliwe. Abu Fawaz akavitazama vikombe, akasema bintiye hatazaa watoto wa kuitwa Komeo. Niliona dunia imenifungia. Nikataka kuinuka, ami akanivuta kanzu, nikaketi.

Ami akamwomba mwenye nyumba atusimulie habari za babu yake yeye. Hadithi hiyo Abu Fawaz haombwi mara mbili. Akaeleza kwa mbwembwe jinsi babu yake alivyokipanda kilima siku ileile ya vita, mama yake mgongoni, mshale begani, mji ukiwaka moto nyuma yake, akawa mtu wa mwisho kuingia ngomeni.

"Na mkuu alikuwa ameamuru lango lisifunguliwe," ami akasema taratibu. "Raia wafie nje. Sasa niambie, Abu Fawaz, babu yako aliingilia wapi?"

Nyuma ya mlango mwanamke alicheka, na cheko lile nalijua.

"Adui alimtaka mkuu, akampata, raia akawaacha," ami akaendelea. "Ngome ilianguka, sikatai. Lakini babu yetu angelala siku ile, leo nani angebaki wa kutuita Komeo?"

Nilijisikia mrefu kuliko kilima chenyewe.

Abu Fawaz alifuta uso kwa ncha ya shemagh, kitambaa chake cha kichwani. "Haya, kunyweni kahawa yenu."

"Imepoa," ami akasema. "Fungua mlango, ndugu yangu, uagize nyingine."

Wanawe wakainuka kumsaidia, akawazuia. Akaenda mwenyewe, akalivuta komeo kwa mkono wake.