Usukani wa Ndege kwenye Meza ya Cherehani

Mmesema nianzie mwanzo, maana mimi habari ikinijaa mdomoni naanzia mwisho, ndiyo sababu nyumbani wananiita Redio. Haya, mwanzo. Mwanzo ni kwamba dada yangu alitua vibaya na ndege.

Si kuanguka, jamani. Dada anasomea urubani, na siku ya mtihani wa kutua aligongesha ndege chini, ikaruka, ikagonga tena, ikaruka, kama mpira uliomponyoka mtoto. Mwalimu wake, mzee mmoja mpole asiyejua kupaza sauti, alimwambia palepale wakiwa bado wamefunga mikanda: "Mkono wako wa kushoto unaikaba ndege kama kuku anayetaka kutoroka." Halafu akamweleza kuwa atarudia mara moja tu. Akishindwa, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, maana wanaoitaka wamejaa hadi nje ya geti.

Dada akarudi nyumbani, akala, akaosha sahani yake, akalala mchana. Na huyu ni mtu ambaye mchana halali hata akiumwa. Mama akaniangalia, na mimi nikamwangalia Mama.

Sasa, mimi chuoni nasoma mambo ya kompyuta, na darasani kwetu kuna kijana tunamwita Miwani. Kwao ana mtambo wa kurushia ndege za kwenye kompyuta. Kuna usukani, uko kama usukani wa gari uliokatwa nusu ya juu, unaugeuza na pia unauvuta na kuusukuma. Halafu kuna kisanduku cha pembeni chenye wenzo wa injini. Ule wenzo ni kama pedali ya mafuta, ila unatumia mkono: ukisukuma mbele injini inanguruma, ukivuta nyuma inatulia. Nilimbembeleza Miwani mpaka akasema nichukue tu, ilimradi masikio yake yapumzike. Nikabeba kila kitu kwenye mfuko wa vitambaa wa Mama.

Mama ni fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndiyo karakana yake. Kwanza tulijaribu kuufunga usukani kwenye meza ya kukatia, lakini ubao wake mnene, vishikizo vya usukani havikuweza kuuma. Ikabidi tuitoe cherehani ya zamani na kuufunga kwenye meza yake. Mama mwenyewe ndiye aliyekaza skrubu, na akaweka kipande cha kitambaa cha suti katikati ili meza isichubuke. Kompyuta yangu ikakaa juu ya mabunda ya bitana. Kisha Mama akafanya anachofanya kabla ya kazi yoyote, akaleta tepu. Alipima kiti, akapima kimo cha meza, akapima mkono wangu kwa kuwa unalingana na wa Dada, halafu akauliza gia ikae upande gani. Gia ni jina ambalo Baba alikipa kile kisanduku cha wenzo, na tulipojaribu kumsahihisha tulishindwa, basi likashika.

Kwetu swali hilo halina mjadala. Dada ni shoto. Mkasi wake ni wa shoto, upawa wake una mdomo upande wa shoto, hata komeo la mlango wa chumba chetu Mama alilihamisha Dada akiwa bado mdogo. Nyumba ya fundi ndivyo ilivyo, kitu ndicho kinachomfuata mtu. Tukafunga kushoto, roho zetu nyeupe.

Nikawasha. Programu ikataka niusukume wenzo hadi mwisho na kuurudisha hadi mwisho, ili ijue mipaka yake. Nasukuma mbele, injini inakata roho. Navuta nyuma, inapiga kelele. Baba ni mpaka rangi, na siku hiyo hakuwa na kazi, kwa hiyo alikuwa amevuta kiti nyuma yangu na kujitangaza abiria. Akauliza kama ndege hii inakwenda kinyumenyume kama ninavyosimulia mimi. Nikamwambia abiria haongei na fundi. Nikachokonoa huku na huku mpaka nikakuta pa kugeuzia mwelekeo, nikabonyeza, wenzo ukatii.

Dada alipoingia alisimama mlangoni. Aliangalia usukani, akaangalia kisanduku, akakigusa kwa kidole. Mimi nikadhani ni furaha. Akakaa, akapaa, akauzunguka uwanja, akaja kutua. Nawaapia, ile ndege ilishuka kama hariri inavyotandazwa mezani. Akarudia, vilevile. Baba akapiga makofi na kuuliza kama kwenye safari hii abiria wanapewa chochote cha kutafuna. Mama akarudi kwenye mshono wake akiimba puani, na Dada akacheka, cheko lake lile la zamani.

Bila shaka nilipiga picha, na bila shaka nilimtumia Miwani. Akajibu papo hapo: mbona wenzo uko kushoto? Kwenye ndege anayojifunzia Dada, mwanafunzi anakaa kiti cha kushoto na wenzo uko katikati, yaani kulia kwake. Akasema kama simwamini nitazame hata kwenye skrini yangu mwenyewe.

Nikatazama. Ulikuwepo hapo muda wote, umechorwa kulia, unatembea mbele na nyuma mbele ya macho yetu manne, sita ukihesabu ya abiria. Redio ikakosa mawimbi.

Nilimfuata Dada jikoni, akawa anafuta sufuria, nikamweleza kwa kuzungukazunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani. Hakugeuka.

"Nilijua tangu nilipokaa," akasema.

"Ukanyamaza?"

"Mdogo wangu, niache nitue vizuri japo hapa nyumbani."

Ndipo akanieleza kwa sauti ya chini. Kwenye ndege ya kweli, akikaribia kugusa ardhi, mkono wa kulia unavuta wenzo ili injini itulie. Na ule wa kushoto, wenye nguvu zake zote, unafuata kama pacha: unavuta usukani hapohapo. Pua ya ndege inainuka kabla ya wakati, ndege inaelea, halafu inadondoka. Hapa kwetu tulikuwa tumeugeuza mchezo. Usukani ulishikwa na mkono wa kulia, ule mvivu wake, ambao hata kuku hauwezi kumkaba. Ndiyo maana kutua kulikuwa kutamu.

Kumbe Mama yuko mlangoni, tepu shingoni, amesikia yote.

"Nguo naikata ikufuate wewe," akamwambia Dada. "Hiyo ndege nani ataikata?"

Hakusema kwa ukali. Alichukua bisibisi akamwekea kiganjani, akaondoka.

Dada alikihamisha kisanduku mwenyewe. Akakaa, akapaa, akaja kutua, mpira. Akarudia, mpira tena. Baba akashika kiti kwa mikono miwili, akasema yeye ashushwe hapahapa, lakini hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakucheka. Siku iliyofuata hali ikawa ileile. Mtihani unakaribia, na mimi ninayejua kubonyeza kila kitu sikuwa na cha kubonyeza.

Basi mchana mmoja Dada ameacha kurusha, ameegemea kiti tu, anamtazama Mama akishona bitana kwenye cherehani yake. Mkono wa kulia wa Mama unazungusha gurudumu, wa kushoto umelala juu ya kitambaa kama paka aliyeshiba. Dada akatazama kwa muda. Kisha akainuka, akaenda kwenye zile karatasi nyembamba za kuchorea vipimo, akachana kipande.

Nikaelewa kabla hajarudi kwenye kiti. Sisi wote wawili ndivyo tulivyofundishwa kushona. Mama anakuwekea karatasi ile chini ya kiganja cha kushoto, maana kazi ya mkono huo ni kuongoza kitambaa, si kukivuta. Ukimaliza, haangalii mshono kwanza, anaangalia karatasi. Ikiwa imekunjamana, unafumua, hata kama mshono umenyooka kama reli. Mimi nilifumua kiasi. Dada, na kiganja chake kile, alifumua utoto wake mzima.

Akaiweka karatasi kati ya kiganja na usukani, akaja kutua. Ilitoka imesokotwa kama ganda la peremende. Akachana nyingine. Nilimwona Mama anasogeza lile bunda la karatasi kwa mguu, likaja karibu na kiti cha Dada. Ikawa hivyo kila akitoka shule: anatua, anakunjua, anaangalia, anatupa. Sakafu ikajaa. Baba akasema hajawahi kuona ndege inayotaga. Safari hii Dada alicheka, na karatasi aliyotua nayo akiwa anacheka ikatoka nyoofu kabisa. Iliyofuata, mikunjo. Yaani hadi siku ya mwisho hungeweza kusema atapita au hapiti.

Mtihani ulikuwa leo.

Mama alijua nitamchosha kwa maswali, akanipa pini nimshikie mdomoni wakati anapanga mikunjo ya sketi ya mteja. Mdomo umejaa pini, nimebaki na macho tu. Baba anapiga msasa fremu ya dirisha ambayo aliipiga msasa jana.

Dada akaingia. Uso umefungwa, huwezi kusoma kitu. Hakusalimia. Akatoa kipande cha karatasi kwenye mfuko wa shati, akakiweka juu ya meza ya kukatia.

Mama akavaa miwani yake. Akakichukua, akasogea nacho dirishani, akakigeuza kwenye mwanga.

"Kuna mkunjo hapa," akasema.

"Upepo ulinipiga ubavuni, Mama."

"Na ndege?"

"Ilikaa. Iligusa mara moja tu, ikakaa."

Mama alirudisha karatasi mezani, akailaza, akapitisha kiganja juu yake polepole, kama anavyolaza mshono uliotoka kwenye pasi.

"Huu hatufumui," akasema.

Dada akakaa chini kwenye rundo la bitana na kuanza kulia, na Baba akaingia na msasa wake mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi, anauliza kama tumefika. Mimi nikawa bado nina pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, maana pini haina undugu, nikazichomeka zote kwenye sketi ya watu bila kuangalia wapi, nikatoka mbio kuja kuwaambia ninyi.