Kilichomo Koponi

Mgeni hakubisha hodi. Alisukuma pazia la duka kwa kiwiko, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kopo la plastiki lenye mfuniko wa bluu.

"Wewe ndiye Fundi Rangi?"

Fundi Rangi alilitambua kopo kabla ya kuliona tumbo. Yeye ndiye aliyekoroga krimu zile za kung'arisha ngozi nyuma ya duka, kwenye beseni, kwa mwiko, na hakuwahi kubandika lebo hata moja.

"Karibu kiti, mama. Miezi mingapi?"

"Mitano. Wifi yangu ndiye kanipa, eti nimefifia kama ukuta wa bafu." Mgeni akacheka, akajibwaga kitini. "Sasa nesi wa kliniki ananiuliza napaka nini. Nikasema krimu. Akaniambia krimu ina jina, kama mtu. Nimefuata jina."

"Mshubiri," alisema Fundi Rangi. Ulimi ulimtangulia. "Mshubiri na mafuta ya karoti. Vitu vya jikoni tu."

"Afadhali! Umenitua mzigo, dada'angu. Maana napaka hadi tumboni, asubuhi na jioni, michirizi isije ikanichora ramani."

Hadi tumboni. Fundi Rangi aligeukia rafu, akajifanya anapanga sabuni zilizokwisha pangwa. Koponi mle alitia dawa kali ya ngozi, ya tyubu, na krimu nyeupe aliyoletewa kwenye ndoo, asiyoijua hata yeye. Kila tyubu ilikuja na karatasi iliyokunjwa. Onyo kwa wajawazito alilisoma siku ya kwanza kabisa. Tangu hapo alizichana karatasi zote. Alijiambia wajawazito hawaji kwake. Na kweli hakuwahi kuja mwenye tumbo la kuonekana. Makopo yaliwafuata majumbani.

Mgeni alikwisha shika pazia.

"Usipake tena," Fundi Rangi akasema. "Nimekudanganya."

Akamweleza. Mgeni alirudi kitini taratibu, kicheko chote kimemtoka.

"Na mwanangu?"

"Sijui." Hakuna neno lililowahi kumwia zito hivyo. "Lakini nesi akijua kilichomo, atajua apime nini. Kliniki lini?"

"Jumatano."

"Nitakuja mwenyewe nimwambie."

"Utakuja, au unanitoa dukani kiaina?"

"Nitakuja."

Jumatano benchi la kliniki lilijaa, na nyuso nne pale zilikuwa kazi ya mikono yake.

"Heh, Fundi! Na wewe umenasa?" mmoja alimtania, wenzake wakaangua kicheko. "Krimu yangu imeisha, kesho napita dukani."

Fundi Rangi alibana mkoba kifuani. Angeweza kusubiri aitwe ndani, mlango ufungwe, duka lipone. Lakini nesi alitokeza mlangoni, kopo la mgeni mkononi.

"Hii katengeneza nani?"

Mgeni alimtazama Fundi Rangi. Hakumnyooshea kidole.

"Mimi," alisema Fundi Rangi, akasimama. Alitoa tyubu, karatasi yake nzima, na chupa ndogo ya ile krimu nyeupe. "Nimetia hii. Na hii nyeupe siijui, kaipimeni." Sauti ilifika mwisho wa benchi. "Na ninyi wateja wangu, ndiyo hiyohiyo mnayopaka. Acheni. Msije kesho."

Hakuna aliyecheka. Yule mtani wake alianza kujifuta shavu kwa ukingo wa kanga.

Nesi alichukua kalamu. "Anza upya. Pole pole, niandike."

Akaanza upya.